Maji ya Rusizi hubeba gunia la chumvi kila sekunde

Mtu asimamaye kwenye daraja la mto Rusizi, pale mpakani Cyangugu, akauelekeza uso wake kule maji yaendako, huwa na Rwanda mkono wa kushoto na Kongo mkono wa kulia, na Ziwa Kivu liko nyuma yake. Maji yapitayo chini ya miguu yake hayana matope kama yale ya mito ishukayo milimani wakati wa masika, wala hayana harufu. Akina mama wanaovuka na vikapu vya nyanya kwenda Bukavu asubuhi na kurudi jioni hawana sababu ya kuyatazama mara mbili. Lakini maji hayo yamebeba mzigo usioonekana, na mzigo huo unahesabika.

Lita moja ya maji yatokayo juu ya Ziwa Kivu ina chumvichumvi zipatazo gramu moja na kidogo. Mto Rusizi hutoa katika ziwa hilo wastani wa karibu mita 100 za ujazo kila sekunde, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Hizo ni lita 100,000 kwa sekunde moja, na gramu moja katika kila lita hufanya kilo 100. Kwa maneno mengine, gunia zima la chumvi hupita chini ya daraja kila mara saa ya ukutani inapogonga "tik". Kwa siku moja ni magunia 86,400, usiku na mchana, bila hamali hata mmoja. Mzigo huo huteremka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja hadi Ziwa Tanganyika, na wataalamu wamethibitisha kwamba sehemu kubwa ya chumvichumvi zilizomo katika ziwa hilo zililetwa na Rusizi. Mkazi wa Kigoma anayechota ndoo yake ufukweni huchota pia kitu kilichotoka Kivu.

Tumeanza na hesabu hii kwa makusudi. Wengi wetu tulisoma shuleni habari za mimumunyo, yaani vitu vilivyoyeyuka katika maji, na tukazisahau mara tu baada ya mtihani, kwa kuwa mwalimu alitumia chupa za kioo na majina ya kigeni. Huko Rusizi somo hilo halihitaji chupa. Limo mtoni, limo katika mawe, limo katika mashamba ya maharage, na limo katika ziwa ambalo pembezoni mwake huishi watu wapatao milioni mbili, ambao usalama wao unategemea mmumunyo mmoja kukaa pale ulipo.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya neno. Lugha yetu ilikuwa na jina la jambo hili kabla ya maabara kujengwa: twasema chumvi imekolea katika mchuzi, sukari imekolea katika chai, rangi imekolea katika nguo. Ukolezi ni kiasi cha kitu kilichoyeyuka kikilinganishwa na maji kilimoyeyuka, na siyo wingi wa kitu peke yake. Kijiko kimoja cha chumvi katika kikombe ni ukolezi mkali; kijiko hicho hicho katika pipa hakionjeki. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi katika lita; maji ya chumvi yatundikwayo hospitalini yana gramu 9, nayo hayakuchaguliwa kwa kubahatisha, bali yamelinganishwa na damu ya mwanadamu. Mama anayemtengenezea mtoto mwenye kuhara maji ya chumvi na sukari huambiwa atie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, navyo viwe vya kusawazishwa, si vya kurundika. Akizidisha chumvi kwa kudhani kwamba anaongeza nguvu ya dawa, atamdhuru mtoto. Huo ndio ukolezi, wala hakuna aliye mdogo mno wala mkubwa mno asihusike nao.

Sasa chumvi ya Rusizi inatoka wapi? Msomaji asidhani ni chumvi ya mezani. Sehemu kubwa ni jamii ya magadi: kuna sodiamu, kuna magnesiamu, kuna potasiamu, zote zikiwa zimefungamana na hewa ya ukaa iliyoyeyuka. Na hewa hii ya ukaa, ambayo wanakemia huiita kaboni-dayoksaidi, ndiyo mhusika mkuu wa habari yetu. Ni ile ile tunayoitoa tunapopumua, ni ile ile inayofoka katika soda. Ikiyeyuka majini hugeuka kuwa tindikali, si tindikali kali ya kuunguza kidole, bali dhaifu, ya kuchachusha ulimi kidogo tu. Udhaifu wake usimdanganye mtu. Chini ya ardhi ya nchi hiyo ya volkano hewa ya ukaa hupanda kutoka vilindini, hukutana na maji ya mvua yaliyozama, na maji hayo yaliyotiwa ukali huanza kuyatafuna mawe. Hayana haraka. Huyatafuna kwa maelfu ya miaka, na kila walichokitafuna hukibeba kikiwa kimeyeyuka.

Jinsi mzigo huo unavyotuliwa huonekana Bugarama. Bugarama ni bonde la joto kusini mwa Wilaya ya Rusizi, karibu na mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo hukutana, bonde la mpunga ambalo hewa yake haifanani kabisa na baridi ya msitu wa Nyungwe ulio juu yake. Huko ndiko zilikojulikana chemchemi za maji moto ambazo wenyeji huziita Amashyuza. Maji ya namna hiyo yanapokuwa chini ya ardhi hubanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake, na kwa kubanwa huko huweza kushika hewa ya ukaa nyingi, na kwa ukali wa hewa hiyo huweza kushika chokaa nyingi. Yanapochomoza juani mbano huachia. Hewa hutoroka kama itorokavyo katika chupa ya soda iliyofunguliwa. Ukali wa maji hupungua, na mara ukali unapopungua, maji hayana tena uwezo wa kuishika ile chokaa, hulazimika kuitua. Ikituliwa huwa jiwe.

Kila mwenye birika la zamani amepata kuona tabaka jeupe ndani yake. Ni jambo lile lile. Tofauti ni kwamba birika la Bugarama limechemka tangu kabla ya historia, na tabaka lake limekuwa kilima. Jiwe hilo, liitwalo travatini, ndilo lililofanya kiwanda cha saruji cha CIMERWA kijengwe huko kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1984. Nyumba nyingi za Rwanda zimeshikamanishwa kwa kitu ambacho zamani kilikuwa kimeyeyuka katika maji ya moto. Chemchemi za aina hii, tuseme kwa kupita, zina tabia ya kuziba midomo yao wenyewe kwa mawe ziyatemayo na kuhamia mahali pengine. Kwa hiyo anayekwenda kuzitazama asishangae akiambiwa kwamba babu zake walioga penginepo.

Jiwe la chokaa likichomwa katika tanuru hutoa tena ile hewa ya ukaa. Kilo 100 za chokaa safi ya mawe zikichomwa hadi mwisho hubaki kilo 56 tu; kilo 44 huwa zimekwenda zake angani. Kinachobaki ni chokaa hai, unga mweupe ulio kinyume cha tindikali, ambao ukitiwa maji huchemka wenyewe na huweza kuunguza ngozi na macho. Hapo ndipo tunapofika mashambani.

Milima iliyo juu ya Cyangugu hupokea mvua nyingi mno. Mvua yenyewe, hata ile safi isiyopita juu ya mji wala kiwanda, ina ukali kidogo, kwa kuwa imeokota hewa ya ukaa angani. Ikinyesha karne baada ya karne juu ya udongo wa mteremko, huziosha chumvi zile zinazopoza ukali, yaani kalsiamu na magnesiamu, na kuziteremsha mtoni. Udongo unaobaki huwa mchachu. Mkulima huona maharage yake yakidumaa, majani yakigeuka manjano, na ajapotia mbolea, haoni faida yake. Si uvivu wake, wala si mbegu.

Kipimo cha uchachu huo kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Watengeneza bia, kama wapika pombe wa kwetu, wanajua kwamba ukali ukipotoka kidogo kazi yote huharibika. Kipimo hicho huitwa pH. Namba 7 ni katikati, mahali pa maji yasiyo na upande. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi. Kadiri inavyopanda ndivyo ualikali, ule utelezi wa magadi na sabuni, unavyozidi. Maji ya limau yako kwenye 2 hivi. Maji ya mvua safi yako kwenye 5.6.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba ngazi za kipimo hiki si za kujumlisha, ni za kuzidisha. Udongo wenye pH 4.5 haukuuzidi kwa uchachu udongo wa 5.5 kwa kiasi cha moja. Umeuzidi mara kumi. Nao umeuzidi udongo wa 6.5 mara mia. Mtu akisikia kwamba shamba lake "limeshuka kidogo, nukta chache tu", asilale. Udongo unaposhuka chini ya 5.5, madini ya aluminiamu, ambayo siku zote yamo katika udongo mwekundu yakiwa yamelala kama jiwe lisilo na madhara, huanza kuyeyuka. Yakishayeyuka huingia katika maji yanywewayo na mizizi na kuipooza ncha. Mzizi uliopooza haunywi maji wala haupokei mbolea. Tuseme wazi: katika mashamba hayo aluminiamu haikuongezwa na mtu yeyote, na wingi wake haukubadilika. Kilichobadilika ni kuyeyuka kwake.

Dawa ni chokaa, ambayo Wanyarwanda huiita ishwagara, na Rwanda imejitahidi kuifikisha kwa wakulima wa mikoa yenye udongo mchachu. Hapa lakini ndipo elimu ya ukolezi inapodaiwa. Tani 2 kwa hekta husikika kuwa ni mlima wa chokaa, lakini zikitandazwa ni gramu 200 kwa mita moja ya mraba, kiasi cha kujaza viganja viwili. Mkulima anayezimwaga katika rundo moja pembeni mwa shamba, akingoja mvua izisambaze, ataua mimea penye rundo na asiponye kitu kwingine. Tena mashamba mawili yenye pH moja huweza kuhitaji viasi tofauti kabisa: udongo wa mfinyanzi wenye mboji nyingi huwa na akiba ya uchachu, na kila ukali wa juu unapopozwa akiba hutoa mwingine, ambapo udongo wa kichanga hauna akiba hiyo na hupona kwa kidogo. Ndiyo maana bwana shamba hupeleka udongo maabara badala ya kuutazama kwa macho tu.

Wala chokaa si baraka kwa kila mmea. Mashamba ya chai ya Shagasha na ya Gisakura, yaliyoitandika milima ile kijani, yapo pale kwa sababu ya uchachu huo. Mchai hupenda udongo wa kati ya 4.5 na 5.5, ukiupozea udongo wake utauona ukinyong'onyea. Mkulima mwenye chai upande mmoja wa njia na maharage upande wa pili ana mashamba mawili ya mahitaji yaliyo kinyume, na gunia moja la chokaa likikosea njia litaleta hasara mara mbili.

Tumekaa mashambani kitambo, na huenda msomaji anauliza ziwa limekwenda wapi. Turudi huko tukiwa na silaha mbili tulizozipata njiani: ukolezi na ukali.

Ziwa Kivu liko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,460, na mahali penye kina kirefu kabisa pana mita 485 hivi. Maji yake ya juu ni ya kialikali, pH yake ikiwa karibu 9. Maji yake ya chini kabisa ni machachu kidogo, pH yake ikizidi 6 kwa kiasi kidogo tu. Hayo ni maji ya ziwa moja, na ukali wa chini umeuzidi wa juu mara mia kadhaa. Chumvi nayo ni gramu moja na kidogo juu, na chini hufika karibu gramu 6 katika lita. Maziwa mengi ya duniani, upepo ukivuma na baridi ikiingia, huchanganyika juu na chini. Kivu halichanganyiki. Limejipanga kama sahani zilizopandanishwa, na sahani ya chini imekaa pale kwa mamia ya miaka.

Sababu ya kutochanganyika tuliiona kwa mara ya kwanza, bila kujua kwamba tunaiona, katika gereji ya jeshi tulipokuwa maofisa wanafunzi. Fundi wa betri hutumbukiza katika maji ya betri kile kipimo cha kioo chenye boya ndani, kiitwacho haidromita. Betri ikiwa imejaa, boya huelea juu na kusoma 1.28, maana yake kimiminika kile ni kizito kuliko maji matupu kwa zaidi ya robo. Betri ikiisha, tindikali huwa imekwenda kujishika kwenye sahani za risasi, kimiminika huwa chepesi, na boya huzama. (Fundi yule alitufundisha pia kwamba tindikali humiminwa katika maji na kamwe maji hayamiminwi katika tindikali, na alitufundisha kwa sauti ambayo hatujaisahau.) Kitu kilichoyeyuka huongeza uzito wa maji. Maji ya chini ya Kivu ni ya vuguvugu kuliko yale ya katikati, kwani hupashwa joto na chemchemi zilizo chini ya ziwa, na maji ya vuguvugu kwa kawaida hupanda. Haya hayapandi. Chumvi na hewa ya ukaa vilivyomo vimeyatia uzito kupita wepesi wa joto, nayo yametulia.

Na kwa kutulia kwao yamekuwa ghala. Hewa ya ukaa ya volkano huingia kutoka chini. Vijidudu visivyohitaji oksijeni huigeuza sehemu yake, pamoja na mabaki ya mimea na samaki yazamayo, kuwa methani, gesi iwakayo moto. Hewa zote mbili huyeyuka na kubaki humo. Mbelgiji Hubert Damas, aliyelipima ziwa hilo katika miaka ya 1930, ndiye aliyeleta habari ya vilindi visivyo na oksijeni vilivyojaa gesi. Vipimo vya baadaye vilikadiria kwamba hewa ya ukaa iliyoyeyuka humo, kama ingetolewa na kuwekwa juu ya ardhi, ingejaza takriban kilomita 300 za ujazo, na methani kilomita 60.

Ni nini kinachoishika? Mwaka 1803 Mwingereza William Henry aliandika kanuni ambayo kila mnywa soda huijua kwa vitendo: kiasi cha hewa kinachoyeyuka katika maji hufuata mbano. Zidisha mbano mara mbili, hewa itakayoyeyuka itazidi mara mbili. Chini ya mita 350 za maji, mbano ni zaidi ya mara thelathini ya ule wa juu. Ziwa lenyewe ndilo kizibo cha chupa yake.

Hatuna budi kutaja kilichotokea Cameroon. Usiku wa Agosti 21, 1986, ziwa dogo la Nyos, lenye ukubwa wa kilomita moja na nusu hivi ya mraba, lilifoka ghafla. Hewa ya ukaa iliyokuwa imeyeyuka katika vilindi vyake ilitoka kwa pamoja, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, ilitambaa mabondeni kama maji. Watu wapatao 1,700 walikufa, na mifugo kwa maelfu, wengi wao wakiwa usingizini. Miaka miwili kabla ya hapo ziwa Monoun, katika nchi hiyo hiyo, lilikuwa limeua watu 37. Watu wa Goma na wa kaskazini mwa Kivu hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo na wanasayansi, kwani wana jina lake la Kiswahili: mazuku, hewa mbaya inayokaa mashimoni na mabondeni, ambayo mbuzi akiingia hatoki. Nyos lilikuwa mazuku lililojaza bonde zima.

Ziwa Kivu ni kubwa kuliko Nyos zaidi ya mara elfu moja. Je, watu wa Cyangugu, Bukavu, Kibuye, Gisenyi na Goma wamelala juu ya baruti? Jibu limo katika tofauti iliyopo kati ya wingi na kujaa. Ghala huweza kuwa na magunia mengi na bado likawa nusu tupu. Pale ambapo hewa za Kivu zimekaribia zaidi kujaa, zimefika takriban nusu tu ya kile ambacho mbano wa maji ya kina kile ungeweza kushika. Nusu nyingine ndiyo ngao. Tena kuna jambo la kushangaza: hewa ya ukaa ni mara tano ya methani kwa wingi, lakini anayekaribia zaidi kukifungua kizibo ni methani. Hewa ya ukaa huyeyuka kwa urahisi, maji huikaribisha. Methani maji huikataa, yakaishika kidogo tu kwa nguvu ya mbano. Mgeni asiyekaribishwa, ajapokuwa mmoja, husukuma mlango kuliko watano waliokaribishwa.

Januari 17, 2002 tope la moto la mlima Nyiragongo lilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Wengi walidhani saa imefika, lakini matabaka ya chini hayakutikisika. Mei 22, 2021 mlima huo ulilipuka tena, na siku tano baadaye wakazi wengi wa Goma waliamriwa kuhama kwa kuwa ilihofiwa kwamba moto ulikuwa ukisogea chini ya mji na chini ya ziwa. Baadhi yao walifika Bukavu kwa meli. Safari hiyo nayo ziwa lilitulia. Ghuba ya Bukavu na Cyangugu, kwa bahati yao, haina kilindi. Kina chake ni kama mita mia moja, na ghala la gesi liko kaskazini mwake. Hata hivyo hewa nzito haiulizi mipaka ya ghuba.

Njia ya kupunguza hatari ni kuitoa gesi, na tangu mwaka 1963 karibu na Gisenyi methani ilipandishwa kwa mtambo mdogo na kupelekwa kuchemsha mitungi ya kiwanda cha bia. Mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt karibu na Kibuye, wa megawati 26 za umeme. Kazi yake ni ile ile ya chemchemi za Bugarama, ila kwa amri ya mwanadamu: bomba huteremshwa hadi mita zipatazo 350, maji hupanda, mbano hupungua, hewa hutoka kwa mapovu. Mapovu yakishaanza huyapandisha maji yenyewe. Halafu mchanganyiko huo huoshwa kwa maji. Hewa ya ukaa, ile ipendayo kuyeyuka, huingia katika maji ya kuoshea, na methani ikabaki iende kwenye injini.

Kazi ngumu ni ya mwisho: maji yaliyokwisha nyang'anywa gesi yarudishwe wapi? Yakimwagwa juu, yatazama ovyo na kuharibu mpango wa sahani, na sumu ya salfa pamoja na virutubisho vya chini vitasambaa katika mita 60 za juu, ambamo peke yake mna oksijeni na ambamo sambaza huishi, samaki waliohamishwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo ni kitoweo cha pwani zote mbili. Yakirudishwa chini mno, yatapunguza ukolezi wa ghala na kulifanya lisifae kwa uchimbaji. Kwa hiyo masharti yaliyowekwa huwataka wachimbaji wayarudishe kwenye kina ambacho uzito wa maji hayo unalingana na uzito wa maji yaliyopo, ili yajilaze yenyewe bila kusukumana. Uzito huo hupimwa kwa kujua ni gramu ngapi za chumvi na za hewa zilizosalia katika lita.

Usiku usio na mwezi, mbele ya Kamembe, wavuvi wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa, huteremsha nyavu na kuimba wakipiga kasia. Nyavu zao hazihitaji kwenda mbali, kwa maana wanajua, tangu kwa wale waliowafundisha kazi, kwamba chini ya kina fulani hakuna samaki.